Nikaha Imefungwa, Je, Imeandikwa? Kazi ya Sheikh Baada ya Dua

Ramadhani ikishamalizika na Mfunguo Mosi kuandama, harusi za Pwani hazipumziki. Kuanzia Lamu hadi Vanga, wiki haipiti bila kadi ya mwaliko. Kina mama hupanga kesha na sare, kina baba huhesabu sufuria za pilau, na wazee hukaa usiku kucha kujadili mahari. Kila jambo lina mtu wake wa kulisimamia. Lakini uliza swali moja tu katika kikao hicho na utaona watu wakitazamana: sheikh atakayeozesha ana idhini ya kisheria, na akishamaliza dua ataiandika ndoa hii wapi?

Jawabu la kawaida ni kwamba sheikh anajua kazi yake, tumwachie. Wengi wao wanaijua na wanaifanya vizuri. Hata hivyo kuna familia nyingi Pwani ambazo zimegundua baada ya miaka kumi au ishirini kwamba ndoa iliyoshuhudiwa na mtaa mzima haimo katika daftari lolote. Hugundua siku mbaya: siku ya msiba, siku ya talaka, au siku mtoto anapotakiwa karatasi asizokuwa nazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndoa nayo ina haki ndani yake, na haki zikikosa daftari hupotea vivyo hivyo.

Makala haya yanaeleza jinsi ndoa ya Kiislamu inavyoandikishwa rasmi Kenya, wajibu wa anayeozesha ni upi, na wewe mzazi, bwana harusi au bi harusi unatakiwa kuuliza nini kabla mkono haujatolewa.

Nikaha na daftari ni mambo mawili

Tuanze na lililo wazi. Kwa sharia ya Kiislamu, ndoa inasimama kwa nguzo zake: mume na mke wasio na kizuizi cha kuoana, walii wa mwanamke, mashahidi wawili, na maneno ya kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mke. Nguzo zikitimia, nikaha imetimia, hata kama hakuna kalamu wala karatasi msikitini. Babu zetu wengi waliozwa hivyo na ndoa zao zilikuwa safi mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Uandikishaji unafanya kazi nyingine. Unaifanya ndoa ijulikane na watu wasiokuwepo siku ile: karani wa vyeti vya kuzaliwa, ofisa wa pasipoti, mwajiri, bima, hakimu, na hata kadhi wa miaka ishirini ijayo ambaye leo bado yuko chuoni. Hao wote hawakula pilau yenu. Hawana njia ya kujua kwamba mlioana isipokuwa muwaonyeshe.

Kwa hiyo anayesema cheti hakiongezi kitu katika nikaha amesema kweli kwa upande wa nguzo. Lakini haki zinazozaliwa na nikaha, yaani matunzo, mirathi, mahari iliyobakia na nasaba ya watoto, huja kudaiwa mbele ya watu, na mbele ya watu huhitajika ushahidi. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Waislamu wameagizwa kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la fedha linaandikwa, mkataba wenye mahari, nyumba na watoto ndani yake una haja zaidi ya kuandikwa.

Jambo hili si geni Pwani

Wako wanaodhani kuandikisha nikaha ni jambo jipya lililoletwa na serikali ya juzi. Siyo. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906, wakati Pwani ikitawaliwa na Waingereza chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1920 ikafuata nyingine iliyohusu ndoa, talaka na mirathi. Vizazi kadhaa vya mashekhe wa Mombasa, Malindi na Lamu viliandika nikaha chini ya sheria hizo.

Kabla ya uhuru, Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu ukanda wa maili kumi. Moja ya ahadi zilizomo ni kwamba mahakama za kadhi zitabakia. Ahadi hiyo iliingia katika Katiba, na Katiba ya mwaka 2010 inaitaja katika kifungu cha 170: kadhi anaamua mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei mwaka huo. Ilifuta zile sheria za zamani, za Waislamu na za wengineo, na kuziweka ndoa zote chini ya paa moja. Inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya Kiislamu imepewa sehemu yake, na sheria yenyewe inasema kwamba ndoa hiyo itafungwa kwa kufuata sharia ya Kiislamu, na kwamba kipengele chochote kinachopingana na sharia hiyo hakitawahusu Waislamu. Kuandika hakupingani na sharia, kwa hiyo kipengele hicho hakimpi mtu udhuru wa kutoandikisha.

Nani ana idhini ya kuozesha

Sheria inataja kadhi, sheikh na imamu walioidhinishwa na Msajili wa Ndoa, ambaye ofisi yake iko chini ya Mwanasheria Mkuu. Neno la kushikilia hapo ni kuidhinishwa. Kujua hutuba ya nikaha, kuwa na kilemba, au kuswalisha miaka thelathini hakumpi mtu idhini hiyo kwa upande wa serikali. Idhini ni karatasi, na aliyenayo haoni haya kuionyesha.

Hapa familia nyingi hujikwaa kwa heshima. Pengine babu wa bi harusi ni mwanachuoni na kila mtu angependa aozeshe yeye. Au kuna ustadh aliyetoka mbali, na mualiko wake ni fahari ya harusi. Hakuna haja ya kumnyima mtu heshima yake. Walii ana haki ya kutamka mwenyewe maneno ya kuozesha, na mzee anaweza kusoma hutuba na kuomba dua. Linalotakiwa ni sheikh au imamu mwenye idhini awemo katika majilisi tangu mwanzo, aisimamie nikaha, ahakikishe nguzo, na aandike yeye. Kumwita wiki mbili baadaye aandike asichokiona ni kumtia katika uongo.

Jambo la pili ni kwamba ndoa ya Kiislamu kwa sheria hii ni ya Waislamu wawili. Ikiwa mmoja wao si Mwislamu, sheikh hana mamlaka ya kuiandikisha kama ndoa ya Kiislamu, hata kama fikihi ina maelezo yake kuhusu mwanamume wa Kiislamu na mwanamke wa Kitabu. Wanaooana na wageni huko Diani, Malindi au Watamu walizingatie hili mapema. Njia iliyo wazi kwao ni ndoa ya kiserikali, nayo ina masharti yake, ambayo tutayagusia mbele.

Kabla ya siku ya nikaha

Sheikh anayejua kazi yake haanzi kuandika siku ya harusi. Huwaita wahusika kabla, au humtuma mtu achukue maelezo. Haya ndiyo mambo anayoyatafuta.

Kwanza ni vitambulisho. Umri wa chini wa kuoa na kuolewa kwa Sheria ya Ndoa ni miaka 18, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inakataza kumwoza mtoto. Sheikh akikuomba kitambulisho cha binti yako hakutukani. Anajikinga yeye na anakukinga wewe, kwa sababu kumwoza aliye chini ya umri ni kosa la jinai.

Pili ni walii. Ni nani, ana uhusiano gani na bi harusi, na kama baba hayupo, je, amefariki, yuko safarini, au amewakilisha? Ikiwa hakuna walii wa damu, au walii anakataa bila sababu ya kisharia, jambo hilo hupelekwa kwa kadhi. Si la kumalizwa barazani kwa kumwokota mjomba wa upande wa mama aliyekuwa karibu.

Tatu ni hali ya kila mmoja. Mwanamke aliyewahi kuolewa aonyeshe cheti cha talaka au cheti cha kifo cha mume, na eda iwe imekwisha. Mwanamume aeleze kama ana mke mwingine. Sheria inaichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa ni ya mitala au inayoweza kuwa ya mitala, kwa hivyo kuwa na mke wa kwanza wa nikaha hakumzuii mtu kuandikisha wa pili. Kuficha ndiko kunakoleta fitina.

Nne ni mahari: kiasi gani au kitu gani, kipi kinatolewa taslimu, na kipi kinabaki kuwa deni. Hili lina uzito wake, na tutalirudia.

Tano ni mashahidi. Wawe watu wazima wanaojulikana, wenye vitambulisho, na ikiwezekana wenye makao ya kudumu. Rafiki wa bwana harusi aliyekuja kwa likizo ya siku tatu kutoka Doha ni mgeni mzuri, lakini ukimhitaji mahakamani baada ya miaka kumi utampata wapi?

Kazi tatu baada ya dua

Sheria imempa anayeozesha kazi tatu, na ni vizuri kila mzazi azijue kwa mpangilio wake.

Ya kwanza ni kuandika maelezo ya ndoa: majina kamili ya mume na mke kama yalivyo katika vitambulisho, namba zao, wazazi wao, makao yao, walii, mashahidi, mahari, mahali na tarehe. Wahusika wanatia saini, mashahidi wanatia saini, na yeye anatia yake.

Ya pili ni kuwapa mume na mke cheti cha ndoa.

Ya tatu ni kufikisha kumbukumbu hiyo kwa Msajili wa Ndoa.

Ukichunguza matatizo ya ndoa zisizopatikana, utaona mengi yamezaliwa kati ya kazi ya pili na ya tatu. Sheikh ameozesha, ameandika, amewapa wanandoa karatasi nzuri yenye muhuri, na kila mtu amekwenda nyumbani akiwa na furaha. Kitabu chenyewe kimebaki kabatini, msikitini au nyumbani kwake. Mvua imenyesha, mchwa wamepita, au sheikh mwenyewe amefariki na watoto wake hawajui vitabu vile ni vya nini. Wanandoa wanacho cheti, lakini serikalini hakuna mstari unaolingana nacho. Siku cheti kikipotea na kuombwa nakala, jibu linakuja kwamba rekodi haipatikani. Siku balozi wa nchi fulani anapotaka kuthibitisha cheti, jibu ni hilo hilo.

Ndiyo sababu kupokea cheti si mwisho wa safari. Miezi michache baada ya harusi, mmoja wa wanandoa au mzee wa familia amuulize sheikh kwa adabu kama kumbukumbu imeshafika kwa Msajili. Baadaye, hata kama cheti hakijapotea, omba nakala iliyothibitishwa. Maombi hayo hufanywa kupitia eCitizen au ofisi ya Msajili. Nakala ikitoka, umejua kwamba ndoa yako imo daftarini. Isipotoka, umeligundua tatizo wakati sheikh yupo hai, mashahidi wapo, na walii bado anakumbuka.

Tusisahau pia majirani zetu wa madhehebu mengine ya Kiislamu. Sheria inazitambua kama ushahidi wa ndoa kumbukumbu zinazowekwa na viongozi wa jumuiya za Khoja Shia Ithnaasheri, Ismaili na Bohra, ambazo zina desturi ndefu ya kutunza madaftari. Misikiti yetu mingi ina kamati, hazina na hata kipaza sauti kipya, lakini haina kabati la chuma la kuwekea vitabu vya nikaha. Hapo pana la kujifunza.

Mahari: andika kiasi, andika kilichobaki

Katika harusi zetu hutamkwa mahari kwa sauti kubwa, watu wakasikia na kushangilia. Mara nyingi kilichotamkwa hakikutolewa chote. Kuna sehemu ya taslimu na kuna sehemu iliyocheleweshwa, pengine seti ya dhahabu au fedha ambazo bwana harusi ameahidi. Kwa sharia, kilichocheleweshwa ni deni juu ya mume. Akifa kabla ya kulilipa, deni hilo hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana.

Sasa tazama fomu nyingi zilivyojazwa. Pameandikwa neno "mahari" na kiasi chake, basi. Haijulikani kama kimelipwa. Mwanamke akidai baada ya miaka, warithi wanasema alishapewa. Naye hana la kuonyesha isipokuwa kumbukumbu za wazee. Sheikh akitumia dakika moja zaidi kuandika kiasi kilicholipwa, kilichobaki na muda wa kukilipa, ameokoa ugomvi wa familia mbili. Wali wa binti ndiye wa kulisimamia hili. Asione haya kusema mbele ya watu: iandikwe.

Siku cheti kinapohitajika

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wengi watauona kama wa jirani yao. Mwanamume amefanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi. Ana mke wa kwanza Kisauni, mwenye cheti. Ana mke wa pili Likoni, aliyeozwa kwa nikaha halali, walii na mashahidi wakiwepo, lakini hakuna kilichoandikwa kwa sababu mume alisema ataifuatilia. Mume anafariki ghafla.

Mirathi ya Mwislamu Kenya hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu, na wake wana fungu lao lililokwisha kuwekwa: thumni, yaani moja kwa nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Wakiwa wake wawili, wanagawana fungu hilo sawasawa. Yule wa Kisauni anakwenda na cheti chake. Yule wa Likoni anatakiwa kwanza athibitishe kwamba yeye ni mke. Shahidi mmoja amefariki, mwingine yuko Oman. Walii alikuwa kaka yake, na warithi wanasema kaka lazima amtetee dada yake. Kadhi atasikiliza ushahidi, na huenda mwishowe akampa haki yake. Lakini kesi imekula miezi, kodi ya nyumba imesimama, na mafao ya kazini yanamsubiri mwenye karatasi.

Hali kama hiyo hujitokeza hata bila ya kifo. Mume anayetaka kumwingiza mke katika bima ya afya huulizwa cheti cha ndoa. Mke anayetaka jina la mume katika pasipoti huulizwa cheti. Vijana wetu wanaofanya kazi Saudia, Qatar au Imarati wakitaka kuwaita wake zao hutakiwa cheti kilichogongwa mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ya ubalozi wa nchi wanayokwenda. Cheti kisicho na rekodi kwa Msajili hukwama njiani.

Wapo wanaosema hata bila karatasi, watu wakiishi pamoja miaka mingi mahakama itawahesabu kuwa wameoana. Wasitegemee hilo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba dhana ya ndoa kwa sababu ya kuishi pamoja itumike kwa nadra, na ikaweka masharti magumu kwa anayetaka kuitegemea. Tena kwa Mwislamu, kuishi pamoja hakujawahi kuwa nikaha.

Mtego wa ndoa mbili za aina mbili

Kuna vijana wanaoona ofisi ya serikali ni njia ya mkato. Wanafunga ndoa ya kiserikali wapate cheti haraka cha safari, kisha wanafunga nikaha nyumbani kwa ajili ya dini. Wengi hawaambiwi kwamba ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja. Sheria inamzuia aliyemo katika ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine wakati ile ya kwanza ingalipo. Mwanamume aliyefunga ya kiserikali na mke wa kwanza, kisha akaoa wa pili kwa nikaha, amemtia yule wa pili katika hatari ya kutotambuliwa. Sheria inaruhusu ndoa inayoweza kuwa ya mitala igeuzwe kuwa ya mke mmoja, kwa hiari na tamko la wote wawili. Kuirudisha ya mke mmoja iwe ya mitala si rahisi hivyo.

Ikiwa wote wawili ni Waislamu, hakuna haja ya njia mbili. Nikaha iliyoandikishwa na sheikh mwenye idhini inatoa cheti chenye nguvu sawa na cheti kingine chochote cha ndoa Kenya.

Kwa majirani zetu wa Kimijikenda wanaooana kimila, utaratibu ni tofauti kidogo. Wao wenyewe ndio wanaomwarifu Msajili, ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilika kwa taratibu za mila, kisha wanafika wote wawili mbele yake ndani ya miezi sita kuchukua cheti. Sheria inasema pia kwamba sehemu ndogo tu ya mahari ikishatolewa inatosha kuthibitisha ndoa, kwa hiyo mtu asiseme anasubiri kumaliza kulipa. Wanaooana kanisani huandikiwa na mhudumu wa kanisa aliyepewa leseni.

Talaka nayo iandikwe

Anayeoa kwa hutuba mara nyingine huacha kwa ujumbe wa simu. Tuyaache maneno ya kama talaka hiyo imepita au haikupita, hilo ni la kadhi. Linalohusu hapa ni kwamba Sheria ya Ndoa inasema talaka ya Kiislamu itafuata sharia ya Kiislamu, na kwamba kadhi, sheikh au imamu aliyeitoa au kuiandika apeleke nakala kwa Msajili.

Mwanamke aliyeachwa bila ya karatasi hubaki ananing'inia. Akiposwa, sheikh mwangalifu atamwambia alete cheti cha talaka. Mume wa zamani akiona wivu anaweza kusema hajamwacha. Kwa hiyo talaka, khului au fasakhi ikitokea, mwanamke au jamaa zake waende kwa kadhi iandikwe, na tarehe ijulikane ili eda ihesabiwe.

Usiye na cheti ufanye nini

Ikiwa mlioana zamani na hamna kitu mkononi, msikate tamaa. Ndoa zilizofungwa kihalali kabla ya sheria ya 2014 zinabaki kuwa ndoa. Anzeni kwa aliyeozesha. Kama yu hai na ana kitabu chake, aikamilishe kazi ya kupeleka kumbukumbu. Kama amefariki, ulizeni kamati ya msikiti na familia yake kuhusu vitabu alivyoacha, na fikeni ofisi ya kadhi iliyo karibu, iwe Mombasa, Kwale, Malindi au Lamu, muulize kama kuna kumbukumbu.

Pasipopatikana kitu, mnaweza kuiomba mahakama ya kadhi ithibitishe kwamba ndoa ilifungwa. Nendeni pamoja, mkiwa na vitambulisho, vyeti vya watoto, walii na mashahidi walio hai, na hata picha za harusi. Hukumu ya kadhi itawasaidia kupata karatasi za haki. Fanyeni hivyo mkiwa wote wawili mna afya na mnasikizana. Ombi la mume na mke wanaokubaliana humalizika upesi kuliko la mjane anayepingwa na warithi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa mkono

Wazazi wanaopokea posa mwaka huu wamuulize anayeozesha mambo manne. Je, una idhini ya Msajili, na tunaweza kuiona? Je, utaandika siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi, pamoja na mahari iliyolipwa na iliyobaki? Je, cheti tutakipata lini? Na je, kumbukumbu utaipeleka kwa Msajili lini, na tutajuaje imefika? Kama kuna ada, muulize ni kiasi gani na akupe stakabadhi.

Sheikh mwaminifu hataudhika na maswali hayo. Atafurahi kwamba familia inamsaidia kazi. Na kamati za misikiti zingeweza kupunguza mzigo huu kwa kufanya jambo dogo: kumteua mtu mmoja kila msikiti wa kuhifadhi vitabu vya nikaha, kufuatilia kumbukumbu zinazokwenda kwa Msajili, na kubandika ukutani orodha ya wenye idhini katika mtaa.

Anayeumia ndoa isipoandikwa mara nyingi hakuwamo katika kikao cha kupanga harusi. Ni mke ambaye hakuulizwa, au mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Walii anapokaa mkabala na bwana harusi, yuko pale kwa niaba yao. Akiondoka na cheti mkononi, na baadaye akahakikisha kimeingia daftarini, ameimaliza kazi yake.